Ghala limejaa, mtoto hajakua



Mwinjili Luka, ambaye mapokeo ya Kanisa yanamtambua kuwa alikuwa tabibu, anaufunga utoto wa Yesu kwa sentensi moja fupi (Lk 2:52). Anatuambia kwamba kijana yule wa Nazareti aliongezeka hekima, akaongezeka kimo, na Mungu pamoja na watu wakapendezwa naye. Mahubiri mengi hukaa kwenye hekima, kisha huenda kwenye kumpendeza Mungu. Neno la katikati, kimo, hupitwa haraka kana kwamba Luka aliliweka kujaza nafasi.

Luka hakulijaza. Kwa Kigiriki ameandika helikia, neno linalowasumbua watafsiri kwa sababu lina maana mbili kwa pamoja: umri wa mtu na urefu wa mwili wake. Mhudumu wa afya anayempima mtoto leo katika kliniki ya Laela, Matai au Namanyere anafanya kazi ndani ya neno hilohilo. Anauweka urefu wa mtoto mbele ya umri wake, kisha anauliza: je, vinalingana? Vikiachana sana, anasema mtoto huyu amedumaa.

Dominika hii naomba tukae kwenye neno hilo la katikati, kwa sababu linatuhusu sisi wa Ufipa kuliko watu wengi wa nchi hii.

Hesabu inayotuhusu

Mwaka 2022 Ofisi ya Taifa ya Takwimu, pamoja na wenzao wa Zanzibar, walifanya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria. Watafiti hawakubaki ofisini. Walikwenda kaya kwa kaya katika mikoa yote, wakiwa na mizani na ubao wa kupimia urefu. Mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili hulazwa juu ya ubao; aliyevuka umri huo husimamishwa. Namba ikiandikwa, hailinganishwi na mtoto wa jirani. Inalinganishwa na kipimo kimoja kinachotumika dunia nzima.

Matokeo yalikuwa haya. Kwa Tanzania nzima, watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni asilimia 56.9, Njombe ni asilimia 50.4, na mkoa wetu wa Rukwa ni asilimia 49.8. Yaani ukisimama mlangoni mwa kanisa baada ya Misa ya watoto na kuwahesabu wadogo wa mkoa huu wanapotoka, mmoja amekua inavyotakiwa, anayemfuata amedumaa. Mmoja amekua, anayemfuata amedumaa.

Na mikoa hiyo mitatu ni ipi? Ni mikoa inayoilisha nchi. Kila mwaka baada ya mavuno malori yanashuka kutoka Sumbawanga kuelekea Tunduma yakiwa yamelemewa na magunia ya mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala yake hapa mjini kwetu. Mikoa mikavu ikikosa mvua, mahindi ya Ufipa ndiyo hupelekwa kuwaokoa watu. Tunalima mahindi, maharage, ulezi, karanga, alizeti na ngano. Tuna Ziwa Tanganyika upande mmoja na Ziwa Rukwa upande mwingine. Nchi iliyobarikiwa hivi ina watoto wadogo kuliko umri wao.

Tusiache pia kusema lililo jema. Utafiti kama huo wa mwaka 2015 hadi 2016 uliikuta Rukwa kwenye asilimia 56, na taifa kwenye 34. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nusu ya watoto wote wa Tanzania walikuwa wamedumaa. Kwa hiyo namba hii inashuka. Kinachoshuka kinaweza kushushwa zaidi, na ndiyo sababu hatuna ruhusa ya kukaa kimya.

"Sisi ni wafupi kwa asili"

Ukitembelea vigango na kuwaeleza wazazi habari hizi, jibu la kwanza hutoka haraka: "Baba, huyu amefuata kimo cha babu yake. Sisi ni wafupi kwa asili." Jibu hilo halina dharau ndani yake, na linafaa kujibiwa kwa heshima.

Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia ukuaji wa watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman. Walichagua watoto ambao mama zao hawakuvuta sigara, walionyonyeshwa maziwa ya mama, waliopata chakula cha kufaa na huduma za afya. Swali lilikuwa rahisi: watoto wa mataifa yaliyo mbali hivi, wenye rangi na asili tofauti, wakitunzwa vema watakua sawa au kila mmoja kwa asili yake? Jibu lilikuwa kwamba katika miaka mitano ya kwanza wanakua karibu sawa kabisa. Mtoto wa Accra na mtoto wa Oslo wakipewa haki yao, wanapanda pamoja. Kipimo kilichotolewa mwaka 2006 kutokana na kazi hiyo ndicho kinachotumika kuwapima watoto wetu.

Ni kweli kwamba baadaye maishani watu hutofautiana kimo, na familia moja huwa na warefu na wafupi. Hakuna dhambi katika ufupi. Lakini asili peke yake haiwezi kuufanya karibu mtoto mmoja kati ya kila wawili wa mkoa mzima kubaki nyuma kiasi hicho. Na babu tunayemtaja, je, tuna hakika kwamba yeye alikula vya kutosha alipokuwa mchanga? Huenda kimo cha babu nacho ni kumbukumbu ya njaa yake.

Hapa pana jambo linalotupofusha. Udumavu hauonekani kwa macho. Mtoto aliyekondeana sana kila mtu anamwona na kumwonea huruma. Aliyedumaa anacheza, anacheka, mashavu yamejaa, na akisimama na wenzake wa kijijini wote wako sawa. Mahali ambapo nusu ya watoto wamedumaa, jicho limezoea, na udumavu unaonekana kuwa ndiyo hali ya kawaida. Ndiyo maana Mungu aliwajalia wanadamu akili ya kutengeneza vipimo: ubao hauzoei.

Jina la mji wetu

Jibu la pili huja kwa sauti ya chini zaidi. Mtoto asiyekua, watu husema amebemendwa, yaani wazazi wamevunja miiko ya ndoa wakati ananyonya, na mara nyingi lawama humwangukia mama. Wengine humtafuta mchawi, na akipatikana huwa ni bibi kizee wa jirani mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni wa maisha yake yote.

Wazee wetu hulitafsiri jina Sumbawanga kuwa ni amri: tupa uchawi. Ukitaka kuingia hapa, tupa. Ni jina zuri kwa mji wa Wakristo. Lakini kila mara tunapouacha ukweli uliopimwa na kumtafuta wa kumlaumu, tumekwenda kuuokota ule uchawi pale tulipoutupa. Mama anayelaumiwa hatakwenda kliniki, atamficha mtoto. Na bibi anayeshutumiwa anaweza kupoteza uhai wake, wakati mtoto bado anapewa uji uleule.

Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? (Yn 9). Bwana hakuifuata njia hiyo ya maswali. Aliinama, akafanya tope, akampaka macho. Kutafuta wa kulaumu kulikuwa shughuli ya wanafunzi. Yeye alikuwa na kazi ya kufanya.

Siku 1,000

Basi kama si asili wala si uchawi, ni nini? Watafiti wanatupatia hesabu rahisi ambayo kila katekista anaweza kuifundisha. Mimba ni siku kama 270. Miaka miwili ya kwanza ya mtoto ni siku 730. Jumla ni siku 1,000. Sehemu kubwa ya udumavu hutokea ndani ya siku hizo, wakati mwili na ubongo vinajengwa kwa kasi ambayo haitarudi tena. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hapa siku za ubichi zimehesabiwa.

Nini kinakosekana katika siku hizo, nchi yenye mahindi? Kwanza, mahindi peke yake hayajengi mwili. Yanashibisha, lakini protini yake ina upungufu, na kinachopungua ndani yake kinapatikana kwenye maharage, karanga, dagaa, mayai na maziwa. Tukikoboa mahindi kupata sembe nyeupe, tunatupa pia sehemu ya virutubisho na kuwapa kuku. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo kama ngumi yake. Likijazwa uji mwepesi wa sembe, limejaa maji. Mtoto ameshiba na ana njaa kwa wakati mmoja.

Pili, maradhi. Mtoto anayeharisha mara kwa mara kwa sababu ya maji ya bondeni na choo kisicho salama, hata akila vema, chakula kinapita bila kujenga.

Tatu, mama mwenyewe. Masika yanapoanza, mama wa Ufipa hulima akiwa mjamzito, huchota maji, hukata kuni, na chakula humfikia wa mwisho. Akishajifungua, shamba liko mbali. Mtoto huachiwa dada yake wa miaka saba pamoja na kikombe cha uji wa asubuhi ambao mchana umeshapoa na kuchacha. Mama huyo hajakosa upendo. Amekosa saa katika siku.

Nne, umri wa mama. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba wasichana 22 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshapata mimba, na Rukwa imo katika mikoa ambako tatizo hilo ni kubwa zaidi. Msichana ambaye mwili wake bado unakua anagawana chakula na mtoto aliye tumboni, na mara nyingi wote wawili hupungukiwa.

Nchi iliyouza chakula chake

Hali ya njaa katikati ya mavuno si yetu peke yetu, na imeandikwa sana na wasomi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Ireland, nchi ndogo ya Wakatoliki wengi iliyokuwa chini ya Uingereza. Mkulima wa kule alilima ngano na shayiri, akafuga nguruwe, lakini vyote hivyo vilikuwa vya kumlipa mwenye ardhi kodi. Yeye na watoto wake walikula viazi. Mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi uliingia, ukarudi miaka iliyofuata. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yanayofuata njaa, na zaidi ya milioni moja walihama. Nchi iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841 ilibaki na milioni 6 na nusu mwaka 1851. Katika miaka hiyohiyo meli ziliendelea kuondoka bandarini zikiwa na nafaka, siagi na mifugo. Wanahistoria wanabishana kama chakula hicho kingetosha kuwaokoa wote, lakini hakuna anayekana kwamba kiliondoka mbele ya macho ya wenye njaa.

Mchumi Amartya Sen, mzaliwa wa India ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel, alichunguza njaa kadhaa za karne ya 20, na mwaka 1981 alionyesha kwamba mara nyingi watu hufa njaa wakati chakula kipo. Wanachokosa ni uwezo na haki ya kukifikia.

Mwenye ardhi wa kigeni hatunaye Ufipa. Mashamba ni yetu. Ndiyo sababu swali linakuwa chungu zaidi, kwa sababu linaingia ndani ya nyumba. Maharage yanavunwa na kuuzwa yote kwa mnunuzi aliyekuja na lori. Mayai yanakusanywa na kupelekwa gulio. Dagaa na migebuka ya Kirando na Kasanga vinakaushwa na kwenda mbali. Kinachobaki nyumbani ni mahindi, na fedha iliyopatikana ina mwamuzi mmoja. Nimeona mavuno yakigeuka bati, na bati ni jambo jema. Nimeona yakigeuka pikipiki. Nimeona pia ulezi mwingi, nafaka yenye chuma na madini ya kujenga mifupa, ukigeuka pombe na kumalizika kwa wiki moja, wakati mtoto wa nyumba hiyo hajawahi kunywa uji wake.

Akina baba, naomba mnisikilize bila kukasirika. Lishe imefanywa kuwa habari ya akina mama. Semina za lishe zinajaa WAWATA, na UWAKA hawapo. Lakini anayeamua gunia lipi liuzwe na lipi libaki ni nani? Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Tim 5:8). Hakusema amekosa malezi bora. Amesema ameikana imani.

Jaribio la Danieli

Wako waamini wanaowaogopa watafiti. Wanasema hawa wanakuja na karatasi, wanaandika majina ya watoto wetu, kisha wanaondoka. Wako pia wanaodhani kwamba kumtegemea Mungu maana yake ni kutopima.

Hebu tufungue kitabu cha Nabii Danieli, sura ya kwanza. Vijana wa Kiyahudi walioko Babeli hawataki kula chakula cha mfalme. Msimamizi anaogopa kwamba watakonda. Danieli anamwomba afanye jaribio: kwa siku 10 sisi tule mboga na kunywa maji, wenzetu wale cha mfalme, kisha utulinganishe nyuso, na uamue kwa unachokiona. Tazama mpangilio wake: makundi mawili, vyakula viwili, muda maalumu, na ukubali wa kufuata matokeo. Danieli alikuwa mtu wa sala, na hakuona kwamba kupimwa kunaipunguza imani yake.

Kati ya mwaka 1969 na 1977 watafiti wa lishe nchini Guatemala walifanya jambo linalofanana na hilo katika vijiji vinne. Katika viwili watoto waligawiwa uji wenye protini na nguvu. Katika viwili vingine walipewa kinywaji kitamu kisicho na protini. Miaka mingi baadaye, watoto wale wakiwa watu wazima, watafiti waliwatafuta tena. Wanaume waliopata uji ule kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa wakipata ujira wa saa moja ulio mkubwa kwa wastani wa asilimia 46 kuliko wenzao. Wanawake walikuwa wamesoma madarasa zaidi. Kikombe cha uji cha mwaka 1970 kilikuwa bado kinafanya kazi katika karne hii.

Kumbe tunapozungumza juu ya kimo tunazungumza pia juu ya hekima. Luka aliyaweka maneno hayo mawili pamoja, na utafiti umeyakuta pamoja. Mtoto anayeshindwa kusoma darasa la tatu, mwalimu akamwita mzito wa kichwa, pengine alinyimwa alipokuwa na miezi tisa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 36, unafundisha kwamba utafiti unaofanywa kwa njia ya kweli na kwa kufuata maadili hauwezi kupingana na imani, kwa kuwa vitu vya dunia na mambo ya imani vina chanzo kimoja, Mungu. Kwetu fundisho hilo lilikuwa na uso wa mtu zamani kabla ya Mtaguso. Adrien Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alikuwa katekista na daktari kwa pamoja hadi alipofariki mwaka 1956. Mkono uleule uliofundisha ishara ya msalaba ulifunga vidonda. Hospitali ya jimbo hapa Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Watoto wa Atiman hatuwezi kusema kwamba afya ni kazi ya serikali na roho ni kazi ya Kanisa.

Zakayo naye

Kabla ya kusema la kufanya, niseme neno kwa mzazi ambaye mtoto wake ameshapita miaka miwili na amepimwa akaonekana amedumaa. Usikate tamaa, na usimwite mtoto kwa jina hilo. Udumavu ni neno la kueleza kilichomtokea. Si jina lake. Luka yuleyule analitumia neno helikia mara nyingine, anapomweleza Zakayo wa Yeriko, mtu mfupi wa kimo aliyelazimika kupanda mkuyu (Lk 19). Yesu alimtazama juu kule, akamwita kwa jina, akala nyumbani kwake. Mbele ya Mungu hakuna aliyedumaa. Mlishe, mpeleke shule, mpe muda na maneno ya upendo; kuna mengi ambayo bado yanaweza kujengwa.

Tunawatetea watoto wafupi kwa sababu walinyimwa. Thamani yao haijapungua hata chembe.

Kazi ya Jumuiya

Serikali imeweka mipango. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu mwaka 1973. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kila mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na wakuu wa mikoa wametia saini mkataba wa lishe. Vijijini kuna Siku ya Afya na Lishe. Ni haki yetu kama raia kuuliza katika mkutano wa kijiji: fedha ya watoto imetoka? Siku ya lishe imefanyika?

Lakini historia inatufundisha kwamba mpango wa juu bila watu wa chini haudumu. Kuanzia mwaka 1983, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, vijiji 168 vya mkoa wa Iringa vilianza kuwapima watoto wao wenyewe, wakaa kikao na kujiulizana kwa nini huyu hapandi, na wanakijiji wakaamua la kufanya. Utapiamlo mkali ulipungua kwa kiasi kikubwa, na njia ile ikasomwa duniani kote. Hata hivyo leo Iringa ndiyo inayoongoza kwa udumavu. Kazi ya namna hii haimalizwi na kizazi kimoja; ikiachwa, inarudi nyuma.

Sisi Wakristo tunavyo vikao tayari. Jumuiya Ndogo Ndogo hukutana kila wiki, nyumba kwa nyumba. Kiongozi wa Jumuiya anajua nani ni mjamzito na nani amejifungua kabla hata mganga wa zahanati hajajua. Napendekeza mambo manne.

Mosi, wazazi wanapoleta mtoto kwa ubatizo, waje na kadi ya kliniki, na mwalimu wa dini aisome pamoja nao: ana miezi mingapi, uzito umepanda, na urefu je, umepimwa? Kliniki nyingine hupima uzito tu. Mzazi aombe urefu upimwe pia.

Pili, kila nyumba itenge gunia la mtoto kabla mnunuzi hajafika. Maharage, karanga na ulezi vya kumtosha mama na mtoto hadi mavuno yajayo viwekwe pembeni, na baba awe ndiye mlinzi wake. Viwe vikavu na safi, kwa maana nafaka na karanga zenye ukungu hubeba sumukuvu.

Tatu, mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita, kisha aongezewe chakula kizito mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili. Unga wa dona pamoja na karanga zilizosagwa, kipande cha parachichi, yai, dagaa waliotwangwa, mboga za majani: hakuna hata kimoja kinachotoka ng'ambo.

Nne, Jumuiya imsaidie mama mjamzito kazi. Tunajua kulima kwa pamoja na kujenga nyumba ya mjane. Kumchotea maji mama mwenye mimba ya miezi minane ni sala ya rozari yenye ndoo.

Katika Misa ya shukrani ya mavuno tunaleta magunia altareni, katibu anasoma majina, na watu wanapiga vigelegele. Ni desturi nzuri. Parokia inayojua imepokea magunia mangapi ifahamu pia watoto wake wangapi wanakua. Na nyumba ambayo gunia lake la mwisho la maharage ndilo linaletwa kanisani wakati kuna mtoto wa mwaka mmoja, ni vema ikaambiwa kwa upole: rudini nalo, Bwana ameshalipokea, mpikieni mtoto.

Maana hivyo ndivyo Bwana mwenyewe alivyofanya. Aliingia nyumbani kwa Yairo, akamshika mkono binti wa miaka 12 aliyekuwa amekufa, akamwinua (Mk 5). Nyumba nzima ilipigwa na butwaa. Katikati ya mshangao ule Yesu alikumbuka jambo ambalo wote walilisahau, akaagiza binti apewe chakula. Muujiza aliufanya yeye. Kupika aliwaachia wazazi.